Mnakili na Jina la Mtunzi: Diwani za Mkono, kutoka Mombasa hadi Ndanda

Mezani kwangu, hapa Ndanda, pana kaunta buku nene ambayo gamba lake limeshonwa upya kwa uzi wa magunia ya korosho. Pembe zake zimeliwa na mende, na wino wa kurasa za mwanzo umepauka hadi kuwa rangi ya chai. Ndani yake mna tungo 61. Ni diwani, ingawa haikupata kupigwa chapa wala kuuzwa dukani. Tuliiandika kwa mkono sisi marafiki watano, walimu vijana tuliotawanywa katika shule za Masasi na Newala mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kati ya tungo hizo 61, zipo 17 ambazo leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni za nani. Kosa hilo ni langu, nami nitalieleza mahali pake. Kabla ya kufika huko, naomba msomaji aniruhusu nianzie mbali kidogo, kwa kuwa kosa hilo lina historia ndefu kuliko umri wangu.

Tunapoisimulia historia ya ushairi wa Kiswahili tumezoea kuwataja watu wa namna mbili: mtunzi aliyetunga, na mhariri aliyechapisha. Katikati yao yupo mtu wa tatu ambaye mara nyingi hupitwa kimya. Huyo ni mnakili, yaani rafiki, jirani au mwanafunzi aliyeketi na karatasi yake akaandika utungo usiokuwa wake, kwa kuwa aliupenda na hakutaka upotee. Bila yeye mlolongo wote ungekatika.

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Muyaka hakutunga peke yake chumbani. Alitunga miongoni mwa watu: alijibizana na washairi wenzake wa Mombasa, na akarushiana tungo na malenga wa Lamu na Pate katika zama za ushindani mkali baina ya Mazrui na Sayyid Said. Ubeti wake ulikuwa barua, kejeli, fumbo na silaha. Tungo za namna hiyo huishi vinywani mwa watu maadamu habari zake zingali moto, na habari zikipoa nazo huanza kudondoka mshororo mmoja mmoja.

Muyaka alifariki bila kuacha kitabu kilichochapwa. Miaka ipatayo arobaini baada ya kifo chake, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, ndiye aliyezikusanya tungo zake kutoka kwa wazee waliozikumbuka akaziandika kwa hati za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi zikasafiri hadi Uingereza, na leo zimo katika maktaba ya SOAS, London. Mwaka 1940 William Hichens alizitumia kuchapisha Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka na ushairi wa karne ile. Hivyo ndivyo tulivyompata Muyaka: kwa kumbukumbu za wazee, kwa mkono wa Sikujua, kisha kwa mitambo ya wachapaji.

Jambo ninalotaka tulizingatie ni hili. Sikujua hakunakili beti peke yake. Aliandika na maelezo: neno hili maana yake nini, ubeti huu ulisemwa kwa ajili ya nani, fumbo lile lilimlenga nani. Aliyeisoma diwani hiyo anajua kwamba pasipo maelezo ya namna hiyo beti nyingi zingekuwa milango iliyofungwa na ufunguo umetupwa baharini. Mnakili aliyekuwa na busara alitambua kwamba anawaandikia watu ambao hawakuwapo barazani.

Watunzi wa tendi waliligundua tatizo hilo mapema zaidi, nao wakalitafutia dawa yao. Tendi nyingi za kale humalizikia kwa mtunzi kujitaja jina, na pengine kuutaja mji wake na mwaka alioutungia. Baadhi ya wasomaji wa leo huziona beti hizo za tamati kuwa mazoea matupu. Kwa fikira zangu zilikuwa kinga. Mtunzi alijua kwamba hati yake itanakiliwa na mikono asiyoijua, basi alilifuma jina lake ndani ya vina, ili mnakili mvivu asiweze kuliacha bila kuuharibu utenzi. Shairi fupi la majibizano halikuwa na kinga hiyo. Jina la mtunzi wake lilikaa nje ya ubeti, juu au chini ya ukurasa, na kitu kikaacho nje ndicho cha kwanza kupotea.

Kule Lamu mnakili alifikia kuwa msanii kamili. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchonga milango, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi cha kutafutwa na wataalamu kutoka Ulaya. Alinakili tendi na mashairi kwa ajili ya akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu ushairi wa kale wa Lamu yalipita chini ya kalamu yake. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alizunguka mwambao akikusanya hati za namna hiyo kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya mkusanyo huo ilichapishwa mwaka 1970. Hati nyingi kama hizo hutoka majumbani: sandukuni, juu ya dari, chini ya mito ya akina bibi.

Yote hayo ni mambo ya pwani na ya hati za Kiarabu. Desturi hii ilifikaje kwetu, chini ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo lugha ya nyumbani ni Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera?

Ilikuja kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni Lindi. Bandari ile ilikuwa na waandishi wake, na mmoja wao, Abdul Karim bin Jamaliddini, alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, vita vilivyoukumba ukanda wetu mwaka 1905. Utenzi huo nao ulikuwa hati ya mkono kabla ya kuwa kitabu. Toleo linalojulikana zaidi, lenye tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, lilitoka mwaka 1957. Njia ya pili ni shule za misheni. Askofu Edward Steere aliwafikisha watumwa walioachwa huru Masasi mwaka 1876 na kuanzisha kituo cha UMCA. Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuchomwa katika vita. Katika shule za misheni hizo mbili watoto wa bara walijifunza kusoma na kuandika Kiswahili kwa hati za Kilatini. Daftari la shule likachukua nafasi ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya mwanzi.

Njia ya tatu ni magazeti. Mambo Leo lilianza kutoka mwaka 1923, na ukurasa wake wa mashairi ukawafanya walimu, makarani na matarishi wa bara wajione kuwa na haki ya kutunga sawasawa na mtu wa Mombasa au Unguja. Shaaban Robert naye alipitia ukurasa ule. Gazeti lilikuwa likisomwa na watu wengi kuliko walioweza kulinunua, kwa hiyo mwenye kupenda shairi alilinakili katika daftari lake kabla ya kulipisha gazeti kwa mwingine. Daftari hizo za kunakilia ndizo mama wa diwani zetu za mkono.

Sasa nirudi kwenye meza yangu.

Tulikuwa watano, tuliosoma pamoja chuo cha ualimu. Tulipomaliza, kila mmoja alipangiwa kituo chake: mmoja Ndanda, ambaye ndiye mimi, wawili vijiji vya Masasi, mmoja Newala mjini, na mmoja Kitangali. Tuliagana kwa ahadi kwamba tutaendelea kutunga, na kwamba tungo zitakuwa katika daftari moja litakalozunguka. Atakayelipokea atasoma, atajibu, ataongeza lake, kisha atalipeleka mbele.

Kwa vijana wa leo nieleze hali ya wakati ule. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi ilikuwa katika uhaba mkubwa. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni. Daftari nalo lilikuwa bidhaa adimu. Mwalimu aliweza kufundisha darasa ambalo watoto wawili wanagawana daftari moja kwa kulikata katikati. Usafiri wa kupanda uwandani ulikuwa wa kubahatisha, hasa masika. Daftari letu lilisafiri kwa malori ya korosho, mikononi mwa utingo tuliyemwamini. Lilisafiri pia na wagonjwa. Watu wa uwandani walikuwa wakishuka kuja kutibiwa katika hospitali ya misheni hapa Ndanda, na wasindikizaji wao walipita kwangu na kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Mgonjwa akipona, kifurushi kilirudi naye.

Kanuni za kutunga tulikuwa nazo. Mmoja wetu alipata kuazima kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Kwa kuwa kilitakiwa kurudishwa, tulikinakili sehemu ya kanuni yote kwa mkono, usiku, kwa zamu, kwa mwanga wa koroboi. Mpaka leo nikitaka kukumbuka ukwapi ni upi na utao ni upi, macho yangu yanauona mwandiko wa rafiki yangu, hayauoni ukurasa wa kitabu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari letu ulikuwa na ubeti mmoja uliokuwa katiba yetu. Aliutunga mwenzetu wa Newala:

Kitabu nakuletea, mwenzangu kiweke ndani,
Wadudu wakisogea, kipandishe kichanjani,
Beti yako ongezea, jina liandike chini,
Kisije kikapotea, tukabaki na huzuni.

Kina cha kati ni kimoja, cha mwisho ni kimoja, mizani ni 16 kila mshororo. Msomaji mkali atasema ni ubeti wa kawaida, nami sitabishana naye. Lakini autazame mshororo wa tatu, hasa utao wake.

Katika mwaka wa tatu wa mzunguko huo, daftari lilinyeshewa njiani. Lilinifikia likiwa limevimba kama mkate uliolowa, na kurasa za nyuma zilikuwa zimeshikana. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesifiwa mwandiko, wenzangu walikubaliana ninakili kila kilichosomeka katika daftari jipya. Nilipata kaunta buku hii kwa taabu, nikaiheshimu kama dhahabu, na nikaazimia kutopoteza hata mstari mmoja wa karatasi yake.

Nikanakili tungo 38. Na ili kubana nafasi, niliacha kila nilichokiona kuwa si shairi: tarehe, mahali ilipoandikwa, salamu za mwandishi, maneno mawili matatu ya kueleza kisa kilichomfanya atunge. Majina niliyaacha pia. Kwa kweli mengi hayakuwa majina. Tulikuwa na mchezo wa lakabu, na kila utungo mtunzi wake alijibandika lakabu mpya ya kuchekesha, wenzake wakawajibika kumtambua kwa namna anavyovisuka vina. Nilijiambia: sisi ni watano tu, nani asiyejua hili ni la nani? Daftari lililolowa lilipokauka likawa halishikiki tena, tukaliwashia moto jikoni.

Niliunakili ubeti wa katiba kwa uangalifu mkubwa, mpaka nukta na mikato yake. Nikauvunja utao wake katika kila ukurasa uliofuata.

Mzunguko uliendelea miaka sita zaidi, na tungo 23 ziliongezeka, kila moja kwa mwandiko wa mwenyewe. Kisha mambo yakawa kama yanavyokuwa. Uhamisho ulimpeleka mmoja Tabora, mwingine akaacha ualimu. Lori la korosho likapita bila kifurushi, na la pili, na la tatu, na hakuna aliyeuliza. Daftari likabaki kwangu kwa sababu tu lilikuwa kwangu siku ile. Jambo la kustaajabisha ni kwamba misheni ya Ndanda ilikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa vitabu, mwendo wa miguu tu kutoka nilipokuwa nikilala, na haikutupitia akilini kuuliza hata bei. Tuliona kitabu ni cha watu wakubwa, na daftari ni letu sisi.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimekwisha kustaafu, alinijia binti mmoja kutoka Newala. Alinisalimu, "Shikamoo, baba," akaketi, akajieleza. Alikuwa binti wa yule mwenzetu wa Newala, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba baba yake alikuwa akitunga, na nyumbani hakuna hata karatasi moja. Familia ilikuwa inajiandaa kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja na alitaka ubeti mmoja wa baba yake usomwe makaburini.

Nilimfungulia daftari kwa furaha. Nikamwonyesha ubeti wa katiba, ambao sote tulijua ni wake. Nikamwonyesha tungo nne za sehemu ya mwisho zenye mwandiko wake. Akazisoma, na macho yake yakalengwa na machozi. Kisha akafungua mwenyewe kurasa za nyuma kidogo akakuta utungo mmoja juu ya mtu anayemlilia mama yake aliyefariki akiwa mbali. Ni utungo mzuri kuliko zote zilizomo. Akaniuliza, "Na huu, baba, ni wake?"

Nilinyamaza. Mama yake rafiki yangu alifariki katika miaka ile, naye akiwa mbali. Lakini hata mwenzetu wa Kitangali alifiwa na mama katika miaka hiyohiyo. Mwandiko ni wangu. Lakabu niliiacha. Tarehe niliiacha. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, binti angefurahi na hakuna ambaye angenisuta. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba sijui kwa sababu yangu mimi mwenyewe.

Hakunilaumu kwa maneno. Alikaa kimya muda, akauliza ni tungo ngapi zilizo katika hali hiyo. Nikamwambia 17. Akatoa daftari lake mkobani akasema, "Basi nitaandika zote. Kama moja ni ya baba, nitakuwa nayo." Akakaa siku mbili nyumbani kwangu akinakili, na mke wangu akimletea uji. Juu ya kila utungo aliandika maneno ambayo mimi sikuyaandika: umenakiliwa Ndanda, tarehe fulani, kutoka daftari la mwalimu fulani, mtunzi ni mmoja wa watu watano wafuatao. Kisha majina yetu matano, kamili, na vijiji vyetu.

Tangu siku ile nimekuwa nikizichunguza tungo hizo 17. Zipo dalili. Mmoja wetu hakupenda kibwagizo. Alibadilisha kituo kila ubeti. Mwingine alipopungukiwa na kina alichomoa neno la Kimwera bila haya. Kwa dalili hizo ninadhani tano ni za fulani na tatu ni za fulani. Nimeandika dhana hizo kwa penseli, pembeni, na alama ya kuuliza. Sitaziandika kwa wino. Dhana ya mnakili ikishaandikwa kwa wino, mnakili wa pili huipokea kama habari, na wa tatu huichapisha kama ukweli.

Najua kwamba wengi wanaosoma haya wana daftari kama langu, au baba zao wanalo. Ombi langu ni dogo. Kabla ya kunakili ubeti, andika ni wa nani kwa jina alilopewa na wazazi wake, hata kama lakabu yake unaipenda zaidi. Andika mahali na mwaka. Andika kisa, japo kwa mstari mmoja, na neno la kilugha ulieleze maana. Na pale usipojua, andika kwamba hujui. Sikujua bin Abdallah, licha ya jina lake, aliandika alichokijua, ndiyo maana sisi tunajua.

Wenzangu wawili wangali hai. Mwaka huu mvua zikikatika nitapanda uwandani na daftari hili mkononi, nipite Kitangali, niketi na mzee mwenzangu, nimsomee utungo ule wa mama. Huenda akaukumbuka.